Wivu Wangu Umeninyima Buenos Aires

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza.

Nilikuwa mtaa wa Bustan kwa khalti yangu, dada wa mama, tunakunywa kahawa. Binti yake, Raya, akatwambia: "Mwezi ujao nnakwenda Buenos Aires."

Mji huo nnauota mimi miaka mitatu! Bei zake zote nnazo kichwani. Raya hata kwenye ramani haujui.

Roho ikaniuma, siwafichi.

"Tiketi kiasi gani?"

"Riali mia sita na kitu."

"Umeibiwa," nikamwambia. "Na chakula je? Na teksi? Utarudi huna hata ya petroli."

Mimi ndo kwanza nakolea.

"Mimi hata nikilipiwa siendi!"

Raya akaweka kikombe chini.

"Mume wangu amenyimwa ruhusa kazini," akasema taratibu. "Hoteli nishalipia ya watu wawili. Nilitaka nikukatie tiketi weye, iwe zawadi. Nilipolazwa hospitali ulinilelea wanangu."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka na mimi.

"Basi ntakwenda mimi," akadakia wifi yake, Moza, halua mdomoni.

Wakaanza kupanga masweta ya kuchukua, maana huko ni baridi. Kisha Moza akanigeukia, eti kwa vile nnazijua bei, nyama nzuri ya kuchoma wakale wapi?

Nikamwambia. Na mtaa nikamtajia.

Sasa nipo garini, bado nje ya nyumba yao. Nataka kurudi ndani nimwombe Raya radhi.

Niambieni ukweli: hii ni toba, au nnaitaka tiketi?