Maharage Mabichi ya Efrazia

Bonde lile chini ya kijiji cha Rangwi lilikuwa la marehemu mume wa Efrazia, na watu wa milimani wanajua bonde lenye maji lina thamani gani. Mume alipozikwa, kaka mkubwa wa marehemu, Paskali, akalitaka. Efrazia akaomba achimbe bwawa la samaki. Ukoo ukakaa, ukaamua: mwaka mmoja. Akitoa perege wa kujaa kiganja, bonde ni lake. Akishindwa, bwawa linafukiwa, Paskali anapanda kabichi.

Hapo ndipo mama wa watu alipoanza kuhangaika. Vifaranga mia tatu vya samaki vinataka kula, na dagaa wa kusaga bei yake haishikiki. Bwana samaki, mtaalamu wa serikali, akamwambia aachane na dagaa, mimea inatosha: pumba, mashudu ya alizeti na soya iliyokaangwa. Soya Efrazia hakuwa nayo. Maharage alikuwa nayo, gunia zima.

"Soya si ndugu yake maharage?" akajisemea.

La kukaanga alilisikia, tena vizuri, akalipuuza. Kuni zenyewe anazibeba kichwani kutoka mbali, msitu wa hifadhi haugusiki, leo akawapikie samaki? Nani aliona jiko ndani ya maji? Alidhani kukaanga ni kwa ajili ya harufu tu, kama kahawa. Mkaidi huyo! Nami nampenda, lakini ukaidi wake ulimponza.

Akasaga maharage mabichi, akachanganya na pumba, akawamwagia asubuhi na jioni. Samaki hawakufa, na ndio ubaya wake, maana wangekufa angeshtuka. Walidumaa tu, urefu wa kidole. Akaongeza maharage, wakazidi kukonda. Akalaumu baridi, akalaumu maji, akafika hata kumlaumu marehemu. Kuuliza hakutaka, asije akasikika kwa ukoo. Miezi kumi na moja ikakatika hivyo. Kila asubuhi alishuka bondeni akijua fika kwamba akilikosa bonde lile atabaki na mawe ya mlimani.

Siku moja jirani yake Saumu, mfuga kuku, akamkuta anasaga.

"Mabichi hayo, dada?"

"Ya samaki."

"Hata kuku wangu siwapi mabichi. Yanawafunga, chakula hakisagiki tumboni, wanadumaa. Mpaka uyachemshe."

Efrazia alikaa chini palepale kwenye unga, akalia. Jioni ile akainjika sufuria kubwa. Siku ya nne samaki wakaanza kupanda juu wakimwona. Lakini zilikuwa zimebaki wiki tatu, na perege hanenepi kwa wiki tatu.

Siku ikafika. Paskali akaja na wazee wawili, wavu na jembe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Haya, tuone."

Wavu ukavutwa. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote hakufika nusu ya kiganja. Paskali alimlaza mkononi kwa muda. Si mtu mbaya Paskali, ila ana wana watatu wasio na pa kulima.

"Kosa ni langu, shemeji," Efrazia akasema. "Niliwapa mabichi. Sasa nawachemshia, wameanza kunenepa, tazama mgongo huo. Nipe miezi mitatu tu." Akapiga magoti kwenye tope.

Paskali akatazama pembeni. "Ulikubali mwenyewe mbele ya ukoo, shemeji. Mwaka ni mwaka."

Akamnyooshea jembe, kwani ukoo ulisema aliyejenga tuta la bwawa ndiye atakayelibomoa.

Efrazia alilipokea, akaliweka chini. Akachukua ndoo ya chakula cha asubuhi, bado vuguvugu, akakimwaga chote bwawani. Samaki wakaja mbio, wakigombania.

"Sasa unawalisha wa nini, mama?" mzee mmoja akauliza.

"Hawajala tangu jana," akasema Efrazia.

Akasubiri mpaka wakamaliza, kisha akaokota jembe.