Viatu vya Bosi na Ramani ya Maji

Bosi wetu hakupenda kuvua viatu. Hiyo ndiyo sababu, wala msitafute nyingine. Watu wakiniuliza kwa nini ofisi yetu ya maji ya mifugo pale Isiolo ilikaa wiki nne ikitoboa ukuta na kuvuta waya, miaka ya themanini ikielekea kuisha, wanangoja niwape maneno mazito ya kitaalamu. Sina. Ni viatu.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi. Shule niliiachia kidato cha pili, mama alipougua, lakini vidole vyangu vilikuwa vyepesi na sikuwa na tabia ya kununa, basi wakanichukua. Chumba cha nyuma kulikuwa na mashine kubwa, kompyuta ya mfumo wa Unix iliyoletwa na wafadhili, na kioo chake kipana, na kipoza hewa chake chenyewe, kitu ambacho hata wodi ya hospitali haikuwa nacho. Ndani yake ilikaa ramani ya wilaya nzima. Kila silanga, yaani kila bwawa tulilowachimbia wafugaji, lilikuwa na rangi yake: lenye maji lilionyeshwa kwa buluu iliyoiva, lililokauka kwa kijivu chenye buluu kwa mbali. Rangi ikibadilika kuwa kijivu, bosi anatia sahihi, lori la maji linaondoka. Kazi ilikuwa rahisi hivyo.

Ila vumbi la Isiolo mnalijua. Kwa ajili ya vumbi hilo, chumba cha nyuma kilikuwa na sheria moja: viatu mlangoni. Sote tulivua. Dereva alivua, mlinzi alivua, daktari wa mifugo alivua na harufu yake yote. Akatae nani? Bosi. Alikuja kwetu kutoka Nairobi na jozi moja ya viatu vyeusi vilivyong'aa hata ukajiona ndani, na alitembea navyo kama mtu aliyebeba mayai. Toka mezani kwake hadi mashine ni hatua ishirini na mbili, nilizihesabu. Hakuzipiga hata siku moja. Alisema mtu wa cheo chake hafuati ramani, ramani ndiyo humfuata.

Mezani alikuwa na kompyuta yake ndogo, aliyoifunika kwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi harusi. Hiyo haikujua mambo ya Unix hata kidogo. Ilikuwa na mfumo wake mwingine, ule wa herufi nyeupe juu ya kioo cheusi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika barua, ambazo niliziandika mimi. Akaagiza fundi kutoka Nairobi aje kuihamishia ramani hapo.

Fundi alifika na disketi zake kwenye mkoba wa ngozi, akapita watu wazima barazani bila hata habari zenu. Kwa mtu asiyesalimu sina la kusema zaidi. Lakini alichokileta kilikuwa kizuri, na hapo nitasema kweli. Alieleza kwamba programu haihami. Inabaki chumba cha nyuma inafanya kazi yake, ila picha yake inachorwa kwenye kioo cha bosi, na bosi akigusa huku, inasikia kule. Ni kama kupika jikoni na kula sebuleni. Nililala na maneno hayo kifuani. Kama picha inavuka ukuta mmoja, nini kitaizuia kuvuka Mlima Kenya? Nilijiona nimeketi kwa mama, nafungua dirisha la mashine iliyo nchi ya mbali, nao wa mbali wanafungua langu. Kitu kikubwa namna hiyo, na kilikuja Isiolo ili mtu mmoja asionekane soksi.

Wiki ya kwanza kioo cha bosi kilibaki cheusi. Ya pili, mashine ya nyuma ilipiga hodi na ya mezani haikusema karibu, kwa sababu fundi alisahau kuipa ruhusa ya kupokea mgeni. Siku tatu alitafuta kosa kwenye waya. Wiki ya tatu ulikuja mpaka wa wilaya peke yake, mtupu kama boma lililohamwa, na bosi akanywa chai akiutazama.

Wakati huo silanga la Gotu lilikuwa limekauka. Ninalijua silanga hilo kwa sababu mjomba wangu, kaka ya mama, alinyweshea ng'ombe wake hapo. Kila Jumatatu alikuja mjini kwa miguu kuniuliza lori linatoka lini, na kila Jumatatu alikuwa amekonda kidogo, na ndama mmoja amepungua. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa rangi ya moshi, ambaye nilikunywa maziwa ya mama yake nikiwa mtoto. Huyo sasa, mjomba alisema, akilala inabidi ainuliwe na watu wanne.

Nilinakili ramani kwa mkono, kwa kalamu za rangi, nikampelekea bosi. Hakuigusa. "Karatasi ni ya kufungia miraa," alisema. "Nitatia sahihi nikiona kwenye kompyuta yangu."

Wiki ya nne, siku ya Jumatatu, ramani ikaja. Ilijichora mstari kwa mstari, polepole kama mzee anayepanda ngazi, lakini ilikuja yote na mabwawa yake. Bosi alituita sote, hata mlinzi, tumpigie makofi. Halafu akainama, akaweka kidole penye Gotu. Buluu. Akasema Gotu wana maji tele na wafugaji ni watu wa kulialia, lori libaki. Nje, dereva akapewa kazi ya kuliosha. Lori la maji, likioshwa kwa maji.

Nilisema ile ya nyuma haionyeshi hivyo. Fundi alinitazama kama kiti kilichoongea. Akasema picha ni ile ile, mashine haziwezi kusema uongo, na nirudi kwenye taipureta yangu.

Mjomba alikuwa amefika. Nilimpeleka chumba cha nyuma, akaacha makubazi yake ya tairi mlangoni, akasimama mbele ya kioo kikubwa. Nilimwonyesha silanga lake. Alilitazama muda mrefu, kisha akaniuliza bosi naye ameona wapi. Nikampeleka huko pia. Bosi alifurahi kupata mtazamaji mwingine. "Karibu mzee, uone maendeleo."

Mjomba hakusoma hata siku moja, lakini mtu wa kwetu huwajua wanyama wake kwa rangi zao, na ana majina ya rangi za ng'ombe mengi kuliko alama za kibodi. Akainama, akainuka.

"Hii si ile," alisema. "Ile kule ni rangi ya moshi. Hii ni ya maji. Umeita ng'ombe mbili jina moja."

"Mzee, hii ni kompyuta."

"Sawa. Vua viatu, uende uone mwenyewe."

Fundi alianza kufungua mkoba, akaufunga, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa kweli kioo cha mezani kina rangi kumi na sita tu, na kile cha nyuma kina mamia, na rangi ikikosekana mashine hutoa iliyo karibu. Alilijua hilo tangu mwanzo. Hakuona kwamba lina maana.

Bosi aliketi, akafungua kamba. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba chote nje. Nilimhurumia, nisiseme uongo, nilimhurumia kwa hatua ishirini na mbili. Mbele ya kioo kile aliinama, akaona kijivu. Alitia sahihi palepale, amesimama, karatasi ya lori juu ya mgongo wa mashine.

Aliporudi mezani alivaa viatu, akanisomea ripoti ya wafadhili niipige chapa: kwamba mfumo mpya umeonyesha ukame wa Gotu kwa usahihi kwenye meza ya mkuu wa ofisi. Niliipiga chapa. Huruma yangu iliishia kwenye nukta ya mwisho.

Dereva alirudi kutoka Gotu Jumatano na salamu za mjomba. Ndama wa mwisho hawakungoja lori. Ng'ombe yule wa rangi ya moshi alikunywa akiwa amelala, halafu akasimama, na hakuna aliyemshika.