Radomila na Doa la Njano

Radomila Vaculíková alikuwa mhandisi wa mikazo katika kiwanda chetu mjini Přerov, Ucheki, na meza yangu ilipakana na yake. Kazi yake ilikuwa kuchukua mchoro wa chuma, kuukata ndani ya kompyuta kuwa vipande vidogo vidogo, kuutwisha mzigo, kisha kusoma rangi zinazotokea: buluu palipotulia, njano pa wastani, nyekundu panapoumia. Rangi kila mtu angeweza kuzipata. Kuzisoma ndiko kulikotushinda wengi.

Mwaka tulipounda fremu za kubebea magurudumu ya tramu, zile treni ndogo za mjini, picha yake ilitoka na doa jekundu kwenye kona. Mkuu wetu, Dušan Kubíček, alisimama nyuma yake na kahawa yake yenye machicha.

"Radko, mteja akiliona hilo tumekwisha. Cheza na kipimo cha rangi, lipoe kidogo."

"Hilo sifanyi, mkuu. Kwanza nijue ni la kweli au la."

Akaikata ile kona kuwa vipande vidogo zaidi. Mkazo ukapanda. Akakata tena, ukapanda tena, kama hauna mwisho. Chuma cha kweli hakifanyi hivyo. Basi akarudi kwenye mchoro na kugundua kona ilichorwa kali kama ncha ya kisu, wakati kiwandani huwa inaviringwa. Alipoichora ilivyo, jekundu likayeyuka.

Kubíček akashusha pumzi. "Haya, andika ripoti twende tukale."

"Nenda tu. Mimi bado nina hili la njano."

Doa la njano lilikuwa kwenye ukingo wa uchomeleaji, chini ya kiti inapofungwa mota, na hakuna aliyekuwa amelitazama. Kila alipolikata upya, namba ilibaki pale pale; basi hili lilikuwa la kweli. Haikuwa kubwa, lakini tramu hufunga breki na kuondoka kutwa nzima, na chuma kilichochomelewa huchoka kwa kurudiwarudiwa. Aliandika yote mawili: jekundu na sababu ya kutoliogopa, njano na sababu ya kuliogopa.

Mhandisi wa mteja, mzee Smejkal, aliisoma ripoti hiyo mbele yetu huku amekunja uso.

"Bibi, yaani jekundu salama, njano hatari? Unanitania?"

"Sikutanii. Usiniamini mimi, itikise fremu moja mpaka ichoke, uone."

Wakaitikisa kwa wiki kadhaa kwenye ukumbi wa majaribio. Siku ilipopatikana ufa, Smejkal mwenyewe alipiga magoti na tochi. Ulikuwa chini ya mota, mwembamba kama unywele. Kona ilikuwa nzima.

"Umenishinda," akasema, akimpa mkono. "Kubíček, huyu usimwachie aende kwa washindani."

Nilidhani Radomila angefurahia ushindi wake. Alirudi mezani, akabadili viatu na kuvaa ndala zake za ofisini, akalinganisha vipimo vya ukumbini na hesabu yake. Ya kwake ilikuwa imezidi, kwa sababu alikadiria vibaya unene wa uchomeleaji. Hakuna aliyemwuliza, lakini aliongeza ukurasa mwishoni mwa ripoti na kulieleza kosa hilo, akitia jina lake mwenyewe.

Kiti cha mota kilichorwa upya, tramu zikachelewa, Kubíček akanung'unika majira yote ya kuchipua. Wahandisi wapya walipoingia, Kubíček huyo huyo ndiye aliyewapa ripoti ile waisome, akiwaambia waanze na ukurasa wa mwisho.