Sahihi Niliyomnyima Feza

Ndugu zangu, nina makosa, tena ya roho mbaya, na sitafuti wa kunitetea. Jina mniachie. Nikijitaja hapa Kisangani, kesho nitasemwa mpaka Kapalata.

Nilikuwa expert-comptable, mhasibu aliyeidhinishwa. Kwetu diploma ya chuo haitoshi. Lazima ufanye stage, mafunzo ya kazini, ya miaka mitatu kwa expert-comptable aliyekubaliwa, naye ndiye anayetia sahihi kwamba umeiva. Bila sahihi yake, mtihani wa mwisho utausikia kwa wenzako tu.

Feza, binti wa wavuvi wa kule maporomokoni, alifanya stage kwangu. Jamani, alikuwa na akili! Kazi yote ya ofisi nilimtwika yeye, nikabaki kupokea sifa. Miaka mitatu ilipotimia, nikaona akiondoka nitaumbuka.

Nikamwambia, "Bado, maman. Hauyakomaa. Ongeza mwaka."

Aliniamini. Mwaka uliofuata nikarudia hivyo hivyo. Mama yake akaniletea samaki wakavu, akapiga magoti nimsaidie mtoto. Samaki nikala, sahihi sikutia.

Mwishowe Feza alipanda boti kwenda Kinshasa, akaanza stage upya, akafaulu. Aliporudi kufungua ofisi yake hapa, mimi nilikuwa nimeshaifunga yangu kwa ugonjwa wa macho.

Binti yangu Odette naye amesomea uhasibu, na mjini aliyekuwa akipokea watu wa stage ni Feza. Nikampeleka mwenyewe. Feza alinipa kiti, akaniuliza hali ya macho kwa heshima zote. Nikajua amesamehe. Mjinga mimi!

Miaka mitatu ya Odette imepita, na mwingine juu yake. Juzi alirudi nyumbani kutoka kazini amechoka, hata chakula hakugusa. Nikamuuliza habari ya sahihi.

"Bado, papa. Maman Feza anasema siyakomaa. Na iko na haki, mi mwenyewe naona."

Odette ameiva, najua, maana nilimfundisha tangu mdogo. Lakini nitamwambiaje kwamba anadanganywa, bila kumwambia uongo huo ulitoka kwa nani? Nikamwambia avumilie. Akaitika, akaenda kulala akijiona mjinga.

Ninyi wenye muhuri, mwanafunzi akiiva mtieni sahihi siku hiyo hiyo. Neno mlilomvunja nalo mtoto wa mwenzenu mtalisikia mezani kwenu, kwa mdomo wa mtoto wenu, naye atakuwa ameliamini.