Nyumba ya Ouma Haikufika Mbita

Niliondoka nyumbani, juu kidogo ya Mbita, Jumatano asubuhi, kwa sababu mdogo wangu Ouma alikuwa amelala mochari Homa Bay na alitakiwa kuzikwa Jumamosi. Kwetu mwanaume mzima haletwi bomani kuzikwa kabla nyumba yake haijasimama pale. Asiyejenga hujengewa kijumba cha mabati haraka haraka, na waombolezaji hujifanya hawakioni. Sikutaka Ouma apate aibu hiyo. Alikuwa na nyumba, tena nzuri. Shida ni kwamba ilikuwa Ntimaru, juu ya magurudumu.

Ouma alifanya kazi na wajenzi wa barabara miaka mingi, akiishi ndani ya trela yenye kitanda, jiko na madirisha mawili. Kazi ilipokwisha, mkandarasi alimwachia trela ile. Ilihitaji lori tu la kuivuta mpaka kwetu.

Saa saba mchana nilifika Migori, nikapita kwa baba mkwe kumpa taarifa ya mazishi. Aliniketisha, akasema, "Ora, huu msiba ni wetu sote. Lori yangu iko hapo nje. Chukua pamoja na dereva."

Ora ndivyo tunavyoitana wakwe. Nilimshukuru. Lori lilikuwa la magurudumu sita, la kubebea miwa, na fundi fulani alikuwa amelichomelea sahani ya kushikia trela huko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli. Mlangoni kulikuwa na kibao kinachoeleza uzito linaoweza kubeba. Sikukisoma. Kukagua gari la baba mkwe mbele yake ni sawa na kufunua sufuria yake kabla hajakukaribisha. Nilitazama rangi tu, nikaisifu.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Ntimaru. Mwenyeji wangu alikuwa Marwa, jirani ya Ouma, ambaye naye ana lori, kichwa cha trela hasa, magurudumu kumi. Alitupa chai, akalizunguka lori letu, akachuchumaa chini yake, kisha akanivuta kando.

"Mwalimu, hii gari haiwezi hiyo nyumba."

"Injini yake ina nguvu," nikasema.

"Kuvuta itavuta. Lakini hii si ile trela ya kufuata nyuma kama ng'ombe. Hii inakalia lori kwa mgongo. Robo ya nyumba yote inabebwa na hiyo sahani, na sahani yenyewe iko nyuma ya ekseli. Itainua mbele. Wacha nikupeleke na yangu. Ouma alikuwa mtu wangu."

Nilimwambia ukweli: nikienda na lori la mtu mwingine, nitakuwa nimemtukana mkwe wangu. Marwa akasema:

"Basi mwambie haitoshi."

"Nani amwambie?"

Dereva alirudi nyuma polepole, pini ya trela ikaingia kwenye sahani. Lori lilikalia matako. Pua iliinuka mpaka dereva akanyanyuka kitini ili aione barabara. Niliona kwa macho yangu mwenyewe, na bado nikapanda.

Migori tulipita saa nane. Tungeweza kusimama, na mimi nikaingia kwa mzee nikasema maneno mawili. Nilitazama upande mwingine. Baada ya Rongo dereva alisema usukani umekuwa mwepesi, anageuza na gari halisikii. Nilimwambia aende taratibu.

Tulipopita Rodi, kwenye mteremko wa kuelekea Homa Bay, nyumba ilianza kutusukuma. Springi ya kushoto ya lori ilikatika kwa mlio mkubwa, trela ikainama, ikachomoka kwenye sahani, ikalala mtaroni kwa ubavu. Sisi hatukuumia. Ndani nilisikia sufuria za Ouma zikiendelea kuanguka, moja baada ya nyingine. Niliketi kando ya barabara, nikalia mbele za watu wazima na watoto wa shule, na sikujali.

Ijumaa alfajiri nilifika nyumbani kwa pikipiki, mikono mitupu. Jirani alitoa mabati yake, na kufikia saa tano kijumba kilikuwa kimesimama, kikiwa na mlango usiofungika. Mchana Ouma aliletwa.

Jumamosi, baada ya mazishi, baba mkwe aliniita kando.

"Nimesikia juu ya lori."

"Nisamehe, Jaduong', mzee wangu. Nimeliharibu."

"Lori ni chuma." Akashusha sauti. "Ora, ile gari mimi hata matofali naogopa kuibebesha. Wewe ni mkwe na umefiwa, ningekosaje kutoa? Nilikuwa nangoja ukatae."

Siku zote nilidhani heshima ni kupokea. Safari hii imenifundisha kuchuchumaa chini ya lori la mtu yeyote na kusoma kibao chake, na nimejifunza nikiwa nimekwisha kumzika Ouma bila nyumba yake.

Jumatatu jirani alikuja, akasimama mbali kwa adabu, akauliza kama sasa anaweza kurudishiwa mabati. Nilimsaidia kung'oa misumari.