Bibi Aliyekataa Kugeuka Mjusi

Nimezaliwa Kasulu, nimesomea Kasulu, na kama si ule mradi wa vijana na utamaduni ningezeekea Kasulu hiyohiyo, chumba kilekile, kitanda kilekile. Baba yangu mdogo alikuwa akiniita mwali, mimi mtoto wa kiume. Akifika nyumbani tu anamuuliza mama, "Mwali wetu ametoka leo, au bado yuko ndani anafundwa?" Mama anacheka mpaka anashika mlango. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yapumzike.

Kiangazi hicho mama alinijazia fomu ya kujitolea bila kuniuliza. Miezi miwili Mabamba, kuwasaidia vijana wajifunze mambo ya Kiha kutoka kwa wazee wao. Yaani mimi, nisiyemjua hata jirani wa nyumba ya tatu, ndiye nikawakutanishe watu. Baba mdogo alinisindikiza stendi. "Nakupa siku tatu," alisema. "Ya nne tutakuona unashuka hapa na godoro lako."

Siku tatu zikapita. Nilipangiwa kukaa kwa mama mmoja mjane ambaye maharage yake ya mawese yangemfanya mtu asahau kwao. Vijana walikuwa kumi na kitu, tukikutana kwenye stoo ya zamani ya mahindi, kando ya njia ya kwenda mpakani, upande wa Burundi. Mwalimu wa ngoma tulimpata. Wa kusuka vikapu tulimpata. Hadithi ndizo zilizotushinda, maana wazee wengi walikumbuka vipandevipande, na aliyezijua nzima alikuwa bibi mmoja tu. Msimamizi wetu, dada aliyekuwa akija na pikipiki kutoka Kibondo, alishasema wazi: anakuja Ijumaa, na asipokuta hadithi zinasimuliwa, mradi unahamia kijiji kingine na mimi narudi kwetu.

Jumatatu saa nne asubuhi bibi alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakaa. Nikafungua daftari.

"Haya, bibi, tusimulie."

Akanitazama. "Sasa hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Jua hilo hulioni?"

"Naliona, bibi."

"Unaliona, na bado unataka nisimulie. Unataka nigeuke mjusi?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Kisha nikaona nimtie hamu, nikaanza mwenyewe hadithi ya sungura na fisi niliyoisikia utotoni. Sikufika mbali. Bibi alisimama, akabeba kigoda chake, akatoka bila kuaga.

Katika wale vijana kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, mdomo wake wembe. "Kaka," akaniuliza, "wewe ni Muha wa wapi?"

"Wa Kasulu."

"Kasulu ipi hiyo? Hata mtoto anajua hadithi hazisimuliwi mchana. Anayesimulia anageuka mjusi." Akazunguka nyuma yangu, akaniangalia kwa makini. "Mkia bado. Lakini tusubiri."

Kumbe hata bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia baada ya chakula cha usiku tu. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu mchana yuko shamba.

Jioni nilikwenda kuomba radhi na sukari mkononi. Nilichuchumaa, nikapiga makofi ya salamu, nikakosea mpangilio, akanifundisha upya, akanisamehe. Nikamwuliza kama tunaweza kukutana usiku.

"Usiku nalala," alisema. "Jua likizama, na mimi nazama."

Hata kama angekubali, pale karibu na mpaka hakuna mzazi ambaye angemwachia binti yake atoke gizani. Kwa hiyo mchana ni mwiko, usiku haiwezekani, na Ijumaa inakuja.

Jumatano mchana nilikula ugali wa muhogo, nikaenda kujilaza kama ilivyo desturi yangu. Nilitundika blanketi dirishani, nikaziba na ule ufa wa chini ya mlango kwa kanzu kuukuu aliyonipa mama mwenye nyumba. Nikiwa chali, nikainua mkono, na vidole vyangu sivioni. Nikaketi. Kama kuna somo moja nililowahi kufaulu duniani, ni hili la kuugeuza mchana kuwa usiku.

Nilimkuta bibi anapepeta maharage. "Bibi, usiku ni jua kuzama, au ni giza?"

Alipepeta ungo mzima kwanza. "Lilete hilo giza," alisema mwishowe. "Nitaliangalia. Nikiliona la uongo, naondoka na kigoda changu."

Alhamisi tulikusanya mablanketi, magunia na turubai moja lililonuka dagaa. "Mwacheni fundi afanye kazi," msichana yule aliwaambia wenzake. "Hapa yuko kwenye taaluma yake." Tuliziba madirisha, nyufa, mpaka matundu ya panya. Bati ndilo lililotushinda. Lilikuwa na matobo ya misumari kila mahali.

Ijumaa asubuhi bibi aliingia, tukafunga mlango. Akainua uso juu, kwenye vile vitobo vyenye mwanga.

"Bibi, samahani, magunia hayakutosha..."

"Acha. Usiku gani hauna nyota?" Akakaa. Bado hakuanza. "Na mbona hamnisalimii?"

Msichana ndiye aliyeelewa. Akatoa salamu ya jioni kwa Kiha, wengine wakafuata na makofi yao.

"Mmeshakula?"

"Ego, bibi," wakaitikia, ndiyo, tumekula.

Alipofungua mdomo tu, jogoo akawika nje. Nikajua usiku wetu umekwisha.

"Huyo ni wa Burundi," bibi alisema. "Saa zao si zetu."

Kicheko kilipokwisha, akaanza. Hadithi yenyewe sitaiandika hapa; sijui wewe unasoma saa ngapi. Alikuwa akipanda sauti, akishuka, vijana wakiitikia pamoja, na nusu yao sikujua kama wana sauti.

Katikati mlango ukagongwa.

"Nani anayetembea usiku huu?" bibi akauliza.

"Ni mimi, nimetoka Kibondo." Alikuwa msimamizi.

"Usiku wote huu, kutoka Kibondo! Ingia upesi, mwanangu, fisi wako nje."

Mlango ulifunguliwa kidogo, ukafungwa. Msimamizi alinikanyaga mguu, akapapasa, akakaa juu ya gunia na faili lake mapajani, asiweze kuandika wala kusoma chochote. Aliisikiliza hadithi mpaka mwisho. Kisha akaniinamia, akaninong'oneza, "Atasimulia nyingine?"

Bibi alikuwa na masikio. "Tulia, mwanangu," alisema. "Usiku bado mrefu."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.