Chakula cha Arobaini Hakipimwi

Matrona Evon alikuwa wakala wa ndege pale Nanvaruaq, kijiji chetu cha Alaska, kwa muda mrefu hata marubani wapya walidhani kazi ile alizaliwa nayo. Ofisi yake ilikuwa kibanda cha mbao kando ya kiwanja cha changarawe, ndani mna jiko la mafuta, redio, simu na mzani. Ndege ikisikika, alivaa glavu zake za ngozi yenye manyoya, akawasha pikipiki ya magurudumu manne na kwenda kuipokea. Ilileta barua, soda, nepi na betri, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya mjini, na mara nyingine jeneza.

Barabara hatuna. Mto ndio barabara, kwa mashua wakati wa jua na kwa pikipiki za theluji wakati wa baridi. Lakini kuna majuma ya vuli, kabla baridi haijakaza, ambayo mto unakuwa bado haujaamua; barafu haibebi mtu na wakati huohuo haipitishi mashua. Hapo kijiji kizima huning'inia kwenye ndege ndogo ya injini moja, yenye viti sita na rubani ambaye mara nyingi hajalala vya kutosha.

Asubuhi rubani alipopiga simu kutoka mjini, Matrona alitoka nje akatazama kilima cha makaburi. Akiona misalaba, basi wingu liko juu na ndege ije. Akiona uzio peke yake, wasubiri. Akirudi ndani alisema neno moja au mawili tu, na rubani akakata simu. Hakuna aliyemuuliza mara mbili.

Mizigo aliipima, na watu nao aliwapima, kila mtu na koti lake na buti zake, na foleni ya mzani ilikuwa mahali pa kucheka. Wassillie Nick, jirani yake mwenye tumbo kubwa, ndiye aliyependa kubishana.

"Unaniibia, shangazi. Jana mke wangu kasema nimekonda."

"Mkeo anakupenda," Matrona alimjibu bila kuinua macho. "Mzani haukupendi. Shuka."

Kitu kimoja tu hakikuwekwa juu ya mzani ule. Mtu akifa kwetu, siku ya arobaini watu hula kwa ajili yake, na kila nyumba yenye udugu naye, hata iliyo kijiji cha mbali, hupeleka chakula. Hupelekwa nyama ya musi, yule paa mkubwa mwenye pembe pana kama sepetu, samoni wakavu, mafuta ya sili, na ndoo za akutaq, yaani mafuta yaliyopigwa na sukari na matunda ya porini mpaka yakawa laini kama krimu. Kuweka chakula hicho kwenye mzani ni kama kumuuliza marehemu wewe unafika kilo ngapi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo na hakuna aliyeivunja. Matrona alitazama ndoo kwa jicho, akamtajia rubani makadirio, na makadirio yake, kwa adabu, yalikuwa madogo siku zote.

Mwaka ninaousimulia, arobaini iliyoangukia majuma yale mabaya ya mto ilikuwa ya dada yake mwenyewe, Nastasia, aliyekuwa ameolewa Paingaq, kijiji cha chini karibu na mdomo wa mto. Matrona hakuweza kuacha redio, kwa hiyo mumewe, Yako, ndiye aliyesafiri na chakula.

Rubani alikuwa Curtis Brandvold, mtu wa jimbo la Montana, mwenye mvi kwenye ndevu na mikono ya fundi. Alikuwa amekaa kwetu miaka ya kutosha kumwita Matrona shangazi. Walikwisha kupakia, mlango wa nyuma umefungwa, pikipiki za magurudumu manne zilipoanza kuja kutoka kijijini moja baada ya nyingine, na kila moja imebeba ndoo. Kabla hajaolewa, Nastasia alikuwa amelea nusu ya watoto wa pale. Nani angekubali ndoo yake ibaki?

Curtis alifungua mlango tena. Vitu vizito vilikuwa vimekwisha kukaa karibu na viti, kwa hiyo hizi za mwisho zikasukumwa nyuma kabisa, kwenye mkia.

"Shangazi, hizi zimepimwa?"

"Nimezikadiria."

"Kabla hawa wengine hawajaja au baada?"

 Yako alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, amefunga mkanda. Akamwambia Curtis kwamba shemeji yake alikuwa mkali akiwa hai. "Iache ndoo yake moja hapa, uone. Atakufuata mpaka Montana."

Curtis akacheka. Alichukua ufagio akafagia sakitu, ule umande ulioganda, juu ya mabawa, akapitisha kamba na kuisugua huku na huku kama wanavyofanya wote. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale membamba yasiyolowesha nguo ila yanakuwa kioo kwenye chuma. Misalaba ilionekana. Kwa shida, lakini ilionekana.

Ndege ilikimbia kiwanja chote. Iliinuka mwishoni kabisa, pale ambapo watu walikuwa wameacha kupumua, mkia umelegea kama bata aliyekula kupita kiasi. Ikapinda kuelekea mdomo wa mto, ikaingia winguni. Kwenye redio Curtis alisema wanaelekea Paingaq, kwa sauti ya kawaida. Nikolai, mwana wa marehemu Nastasia, ambaye ndiye wakala wa Paingaq, alisubiri kiwanjani hadi akaanza kuita kwenye redio, na Matrona akawa anamsikia akiita.

Wanaume wa Paingaq ndio waliowapata, kesho yake, wakivuta mashua juu ya barafu mbovu ili wakizama wawe na pa kushika. Ndege ilikuwa tundrani, kwenye uwanda wa baridi usio na miti, pua chini. Ukingo wa mbele wa mabawa ulikuwa na barafu nene iliyotiririka na kuganda kama nta. Ndoo zilipasuka, na akutaq ya waridi ilitapakaa juu ya theluji, na kunguru walikuwa wamekwisha kufika. Curtis na Yako walikuwa bado kwenye viti vyao.

Tangu nianze kusafiri mbali na kwetu nimepanda ndege za namna hii katika nchi nyingi, juu ya misitu na juu ya majangwa, na kila mahali nimeuliza kwa nini huanguka. Ni mara chache kuna sababu moja. Injini huzimika, ndiyo, na maji huingia kwenye mafuta. Lakini mara nyingi ndege ni nzima, na kinachoiangusha ni vitu vidogo ambavyo kila kimoja peke yake ingekivumilia: barafu kidogo, kilo chache zaidi, mzigo uliorudi nyuma kidogo ukainua pua, rubani asiyependa kuonekana mtu wa kukataa. Bawa halijui ni kipi kilitangulia. Linajua tu kwamba halishiki tena hewa.

Wachunguzi wawili wa ajali walikuja kutoka Anchorage, mji mkubwa wa Alaska, watu wapole. Walilala kwenye sakafu ya shule kama wageni wote. Matrona aliwaambia kila kitu bila kuulizwa sana: ndoo, makadirio, mkia. Walimsikiliza. Kisha wakasema kwamba kisheria uzito ni kazi ya rubani, na katika ripoti iliyotoka baadaye kosa lilikuwa la Curtis, kwamba hakuhakikisha mzigo na alirusha ndege katika hali ya barafu. Matrona aliona haya mbele ya mjane wa Curtis asiyemjua, huko Montana. Alimweleza padri, na padri akamwambia aombe. Alimweleza Wassillie, na Wassillie akatazama buti zake akasema, kwa upole kabisa, kwamba chakula cha dada yake hakijaua mtu.

Siku hizohizo za wachunguzi alianza kuhesabu kuelekea arobaini ya Yako. Ingeangukia Desemba. Kwa kawaida Desemba mto umeganda kabisa na watu huja kwa pikipiki za theluji, lakini mwaka huo mvua ilinyesha juu ya barafu, maji yakasimama juu yake, na mto ukatoboka hapa na pale. Chakula kingekuja kwa ndege. Na kingekuja kingi kuliko kilichowahi kuja, kwa sababu Yako alikufa akiwapelekea watu wa Paingaq chakula chao. Wangewezaje kumletea kidogo?

Na aliyepangiwa kukileta ni Olinka, binti pekee wa Matrona, aliyeolewa hukohuko Paingaq. Olinka alizaliwa mwaka aliokufa mama yake Matrona, akapewa jina la bibi yake, na tangu alipokuwa mchanga Matrona amemwita mama.

Kwanza alimpigia Nikolai. Akamwomba azipime ndoo. 

"Mama mdogo, niiweke arobaini ya baba mdogo kwenye mzani? Watu wote wananitazama?"

"Na wakutazame."

"Wewe uliipima ya mama yangu?"

Matrona akakata simu. Akampigia Olinka.

"Mama, usipande ndege hiyo na zile ndoo. Njoo peke yako, au zije ndoo peke yake."

"Nije mikono mitupu kwenye arobaini ya baba? Wewe ungekuja?"

"Ningekuja hai."

"Usiniongelee hivyo," Olinka alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Rubani mwingine, ndege nyingine. Unanitia mkosi bure."

Siku yenyewe jua lilichelewa kama linavyochelewa mwezi ule, na lilipotoka mbingu ilikuwa wazi kutoka ncha hadi ncha. Simu ikalia. Rubani mpya alikuwa mjini, tayari kwenda Paingaq kuchukua mzigo na kuja nao. Matrona alitoka nje. Aliiona misalaba yote, hata ile midogo ya watoto. Akarudi ndani.

"Sioni misalaba," alisema.

Rubani akamshukuru, akaahirisha.

Kijiji kizima kilikuwa nje siku hiyo kikibeba mabenchi kupeleka ukumbini. Watu walisimama wakatazama juu, mkono juu ya macho kwa ajili ya jua. Hakuna aliyekwenda kibandani kumuuliza. Binamu mmoja alipiga picha ya mbingu juu ya kilima cha makaburi akaiweka mtandaoni, bila maneno, na kabla ya mchana Olinka alikuwa kwenye simu.

"Naiona hapa mbingu yenu," alisema. "Nimeikuza picha mpaka nikaona kaburi la baba." Kisha akakata.

Arobaini ya Yako ililiwa kwa vyakula vya Nanvaruaq peke yake. Padri aliomba, watu wakaimba, wakala supu. Mabenchi ya watu wa Paingaq yalikaa matupu, na kwetu mtu hagombezwi, huachwa tu akiyatazama. Kila aliyepita alimgusa Matrona begani. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Baada ya siku mbili ndege ilikuja. Hali ilikuwa mbaya, wingu limeshuka, manyunyu yaleyale membamba, lakini safari hii aliyetoa habari ya hewa ni Wassillie, kwa agizo la baraza la kijiji. Matrona alikwenda kiwanjani kama mtu mwingine yeyote. Aliisikia kabla ya kuiona. Ilitoka winguni ikiwa chini sana, mkia umelegea, ikayumba, ikagusa changarawe kwa kishindo, ikasimama.

Ilitua salama. Ndoo ziliteremshwa moja baada ya nyingine, na zilikuwa nyingi kuliko za Nastasia. Olinka alishuka na mashavu mekundu, akamtazama mama yake usoni.

"Umeona?" alisema.

Matrona alizunguka hadi kwenye bawa, akapitisha mkono kwenye ukingo wake. Kipande cha barafu kikamkatikia kwenye glavu, kinene kama ganda la mti. Akampelekea rubani. Rubani alikitazama, akamwambia kwa heshima kwamba hiyo ni kidogo, mama, ndege hizi hubeba zaidi ya hiyo, akakichukua na kukitupa chini. Wassillie naye alikuwa anacheka na watu mlangoni, akisema watu wa Paingaq wamepika kana kwamba Yako alikuwa na matumbo mawili. Walicheka kwa raha, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa na sasa hawaogopi tena. Hapo Matrona alielewa kwamba siku ya kuanguka haikuwashawishi, na siku ya kutua imemaliza kabisa maneno. Hakuna atakayemsikiliza sasa.

Mzigo wa kurudi ulikuwapo. Watu waliopokea lazima warudishe, na ndoo zilezile zilikuwa zimekwisha kujazwa vitu vya huku na zinasukumwa ndani, za mwisho nyuma kwenye mkia. Olinka alipanda. Mtoto wake amemwacha Paingaq, alisema, kwa hiyo yeye hawezi kulala Nanvaruaq.

"Mama," Matrona alimwambia pale mlangoni. "Shuka."

Olinka alifunga mkanda. Alimshika mama yake mkono kupitia mlangoni, akaubana, akauachia. Rubani akafunga.

Matrona aliingia kibandani akasimama karibu na redio, koti mwilini. Wassillie alimsogezea kiti na chai. Sauti ya Nikolai ilikuja mwishowe, ikasema wamefika. Wassillie akamgonga taratibu mara mbili mgongoni, kwa huruma ya kweli, akamwambia aende nyumbani akalale.

Wakala sasa ni Wassillie. Hupima watu na koti zao, hupima soda na betri, na chakula cha arobaini hukikadiria. Olinka husafiri nacho mara kwa mara, maana watu wetu hawaachi kufa. Matrona huwa nyumbani, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa, na siku za ndege hapiki wala hapokei mgeni mpaka asikie kwamba imefika.

Mimi, ziara yangu ya nyumbani ilipokwisha, niliondoka kwa ndege hiyohiyo ndogo. Tulikuwa na ndoo.